Mlango Mwembamba wa Kombe la Raga

Mtu atokaye Nzilo, mahali ambapo maji ya Lualaba yalizuiwa kwa ukuta mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili yatoe umeme wa kuendeshea migodi ya Kolwezi, akishika barabara ya Likasi na Lubumbashi hadi Kasumbalesa, kisha akavuka mpaka na kuingia Zambia, hataona tafauti yoyote katika udongo wala katika jiwe lichimbwalo, kwa kuwa shaba ni ile ile; lakini akipita Chingola, Kitwe na Luanshya ataona, mbali na viwanja vya kabumbu, viwanja vingine vyenye milingoti miwili mirefu iliyounganishwa kwa boriti moja iliyolala katikati, hata umbo lake likawa kama herufi H. Hivyo ni viwanja vya raga. Pale Luanshya, katika uwanja wa klabu ya Roan Antelope, milingoti hiyo ilipandishwa kupita mita 33, ikatajwa kuwa mirefu kuliko milingoti yote ya raga duniani, na sijui kama kuna mchezaji aliyewahi kuhitaji hata nusu ya urefu huo.

Huku upande wa Lualaba enzi ni ya kabumbu, na sababu yake si ya ajabu. Migodi ya kusini ilikuwa chini ya Waingereza na watu wa Afrika Kusini, nao walipojenga nyumba za wafanyakazi walijenga na klabu, na klabu isiyokuwa na raga kwao haikuwa klabu kamili. Migodi ya kaskazini ilikuwa mali ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji, na Wabelgiji wenyewe walipenda zaidi mpira wa miguu. Mapadri wa Kibenedikto wa Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, wakaanzisha mwaka 1939 timu ambayo baadaye ulimwengu uliijua kwa jina la TP Mazembe. Basi mpaka uliochorwa na wafalme wa Ulaya kwa ajili ya madini ukagawanya hata michezo ya watoto. Lusaka ikamzaa George Gregan, aliyekuja kuwa nahodha wa Australia, na Corné Krige, aliyekuwa nahodha wa Afrika Kusini. Ilhali Yannick Nyanga, mzaliwa wa Kinshasa wa mwaka 1983, ilimbidi akulie Ufaransa ndipo raga imjue, akaivalia jezi nchi hiyo.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuutazama mchezo huu, yatosha kusema kwamba timu mbili za watu 15 kila moja hushindania mpira wenye umbo la yai, ambao huruhusiwa kubebwa na kupigwa teke mbele, lakini haurushwi kwa mkono ila upande au nyuma. Na aufikishaye nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha ardhi amepata trai, yaani pointi 5, kisha timu yake hupewa mkwaju wa nyongeza ambao ukipita kati ya milingoti huleta pointi 2 zaidi. Penalti ni pointi 3. Mengine ni kusukumana, kuangushana na kuinuka, na sheria nyingi ambazo hata waamuzi hubishana juu yake.

Ninalotaka kulieleza hapa si mchezo wenyewe bali mlango wake, yaani zile raundi za mchujo ambazo mataifa huzipitia ili yapate nafasi katika Kombe la Dunia. Kombe la kwanza, lililochezwa New Zealand na Australia mwaka 1987, halikuwa na mlango wa namna hiyo: timu 16 zilialikwa kama watu waalikwavyo arusini, na Afrika Kusini haikualikwa kwa sababu ya siasa yake ya ubaguzi, nafasi ya bara ikashikwa na Zimbabwe, ambayo katika mechi yake ya kwanza ilishindwa na Romania kwa pointi moja tu, 21 kwa 20. Mchujo ulianza kwa ajili ya kombe la 1991, na Zimbabwe ikaupita. Mwaka 1995, Afrika Kusini ilipokuwa mwenyeji na Nelson Mandela akamkabidhi kombe Francois Pienaar, mwakilishi mwingine wa bara alikuwa Côte d'Ivoire. Tangu 1999 hadi 2023 nafasi ile moja iliyoachiwa Afrika ilichukuliwa na Namibia, kombe baada ya kombe, pasipo Namibia kushinda hata mechi moja ikiisha kuingia ndani.

Ni hapo ndipo watu wa Afrika Mashariki walipoonja uchungu wa mlango huo. Wakenya, waliolitwaa Kombe la Afrika mwaka 2011 na tena 2013, walikwenda Antananarivo katikati ya mwaka 2014 wakiwa na matumaini ya haki. Antananarivo si mji wa kuufanyia mzaha katika raga, maana wenyeji wa Madagaska huujaza uwanja wa Mahamasina kama vile sisi tujazavyo viwanja vya kabumbu, na miaka miwili kabla yake waliwahi kuifunga Namibia 57 kwa 54 mbele ya umati mkubwa. Kenya ikaifunga Madagaska 34 kwa 0, ikaifunga Namibia 29 kwa 22, ikabaki mechi moja na Zimbabwe, ambayo lau wangeishinda, Kombe la Dunia la 2015 lingekuwa lao. Wakashindwa 28 kwa 10. Siku hiyo hiyo Namibia iliwapiga wenyeji 89 kwa 10. Timu tatu zikawa na ushindi wa mechi mbili mbili, na hapo hukumu ikaachiwa hisabu. Kwani katika raga pointi za jedwali hazitokani na kushinda tu, bali timu ifungayo trai nyingi huongezewa pointi, na timu ishindwayo kwa tafauti ndogo nayo hupata chochote cha kuipoza. Namibia ikapita, Kenya ikarudi Nairobi.

Walakini kisa cha Kenya hakikomei Afrika, na ili tukifahamu vizuri yatupasa tutazame mlango wa Ulaya, ambao una mambo yake. Mataifa sita makubwa ya huko, yaani Uingereza, Wales, Scotland, Ireland, Ufaransa na Italia, aghalabu hayahangaiki na mchujo, kwa sababu timu tatu za kwanza za kila kundi katika kombe lililopita huhifadhiwa nafasi zao. Wanaohangaika ni wale wa daraja la pili, Georgia, Romania, Hispania, Ureno, Urusi (hadi ilipofungiwa mwaka 2022), Ubelgiji na Ujerumani, ambao mashindano yao ya kila mwaka huwa pia ndiyo mizani ya kupimia nani ataingia. Georgia kwa muda mrefu imewazidi wenzake, na bado wale sita hawajaifungulia mashindano yao. Jambo hili husemwa kuwa ni la utaratibu, lakini mimi naliona ni la fedha.

Mwezi Machi mwaka 2018 Hispania ilikwenda Brussels ikihitaji ushindi mmoja tu ili ifike Japani mwaka 2019. Ikafungwa na Wabelgiji 18 kwa 10. Mwamuzi wa mechi alikuwa Mromania, na nchi ambayo ingefaidika kwa kushindwa kwa Hispania ilikuwa Romania. Wahispania wakamzingira mwamuzi mwishoni, zikafuata kelele na mashtaka. Uchunguzi ulipofanywa, likafunuliwa jambo ambalo hakuna upande uliolitarajia: Romania ilikuwa imemchezesha mtu wa Tonga aliyekwisha iwakilisha nchi yake katika raga ya watu saba, Hispania ilikuwa na wachezaji wawili waliokwisha ivalia Ufaransa jezi ya vijana, na Ubelgiji nayo ilikuwa na wasiostahiki. Sheria ya raga humruhusu mtu kuchezea nchi aliyozaliwa, au ya wazazi wake, au ya babu na bibi zake, au aliyokaa kwa muda uliowekwa, ambao zamani ulikuwa miaka mitatu na sasa ni mitano. Lakini aliyekwisha itumikia nchi moja kwa namna iliyotajwa katika kanuni hahami ovyo. Mwezi Mei wakakatwa pointi wote watatu. Urusi ikapewa nafasi ya moja kwa moja, na Ujerumani, ambayo mwaka ule haikushinda hata mechi moja ya mashindano yale, ikajikuta imeinuliwa na kuingia katika njia ya kutafuta nafasi ya mwisho.

Nafasi hiyo ya mwisho ilitafutwa Marseille mwezi Novemba 2018, baina ya timu nne: Kanada, Hong Kong, Ujerumani, na Kenya, ambayo ilikuwa imeshika nafasi ya pili Afrika baada ya kufungwa na Namibia 53 kwa 28 mjini Windhoek. Kenya ilifungwa na wote watatu, na Wajerumani wale wale walioingizwa na makaratasi wakaifunga 43 kwa 6.

Miaka minne baadaye mambo yakajirudia kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angeiogopa, akichelea kuambiwa ametia chumvi. Hispania ilikuwa imekwisha pata nafasi yake ya kwenda Ufaransa 2023, watu wakasherehekea, kisha ikagunduliwa kwamba mchezaji wao mmoja mzaliwa wa Afrika Kusini hakuwa ametimiza muda wa ukaazi, na kwamba nakala ya pasipoti iliyotolewa kuwa ithibati ilikuwa imeharibiwa ili ifiche safari zake. Mwezi Aprili 2022 Hispania ikakatwa pointi 10. Romania ikapanda ikapita moja kwa moja, na Ureno ikapanda ikaangukia kwenye ile nafasi ya mwisho, ambayo safari hii ilitafutwa Dubai. Na ni nani aliyekuwa akiingojea Ureno huko Dubai pamoja na Marekani na Hong Kong? Kenya, iliyotoka kufungwa na Namibia 36 kwa 0 katika fainali ya Afrika iliyochezwa Aix-en-Provence. Wareno wakaishinda Kenya 85 kwa 0, wakatoka sare 16 kwa 16 na Marekani kwa mkwaju wa dakika ya mwisho, wakafuzu. Na tarehe 8 Oktoba 2023, mjini Toulouse, wakaifunga Fiji 24 kwa 23, ushindi wao wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Sitaki msomaji adhani kwamba nawatetea Wakenya kwa kusema walidhulumiwa. Pointi 85 hazifungwi na karani. Timu za daraja la pili la Ulaya hukutana kila mwaka, na wengi wa wachezaji wao hulipwa mishahara na klabu za Ufaransa, ilhali Mkenya wa raga ya watu 15 aghalabu hutoka kazini jioni ndipo aende mazoezini. Na walio hodari zaidi miongoni mwao huvutwa na raga ya watu saba, ambayo ndiyo iliyowapa fakhari ya kuichapa Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore mwezi Aprili 2016. Lakini nadhani ni sawa pia kusema kwamba hukumu iliyotolewa katika ofisi ya Ulaya ndiyo iliyochagua, mara mbili, nani atakuwa mpinzani wa vijana wa Nairobi, na vijana hao hawakuwa na neno lolote katika shauri lile.

Kwa ajili ya kombe la 2027, litakalochezwa Australia, mlango umepanuliwa kidogo, timu zikawa 24 badala ya 20. Ulaya ya daraja la pili ikapewa nafasi nne za moja kwa moja, zikachukuliwa na Georgia, Hispania, Romania na Ureno. Afrika ikapewa moja, juu ya ile ya Afrika Kusini. Nani alipima mizani hiyo na kuiona imesimama sawa, mimi sifahamu. Timu nane zikakutana Kampala mwezi Julai 2025, wenyeji Uganda na Kenya wakiwemo, Kongo haikuwamo. Tarehe 19 Zimbabwe ikaishinda Namibia 30 kwa 28, ikakata ule mnyororo ulioanza 1999, na ikapata kurudi mahali ambapo haikukanyaga tangu 1991.

Namibia ikabaki na tumaini la ile nafasi ya mwisho, iliyotafutwa tena Dubai, ambako Novemba 2025 ilikutana na Samoa, Brazili na Ubelgiji. Katika hao mimi niliwafuatia Wabelgiji kuliko wengine, kwa sababu ambayo mtu wa Kolwezi hahitaji kuelezwa. Hao ndio waliochimba hapa na kujenga hapa, hata ukuta wa Nzilo ukaitwa kwa jina la Mbelgiji, Delcommune, na raga hawakutuletea. Nao wenyewe hawajapata kuingia katika Kombe la Dunia hata mara moja. Katika mechi ya mwisho walitoka sare 13 kwa 13 na Samoa, na Samoa ikapita kwa jedwali. Zimbabwe imepangwa kundi moja na Uingereza, Wales na Tonga.