Mbwa Aende Ulaya, au Abaki Nyumbani?

Familia ya Nairobi au Dar es Salaam inayotaka kula Krismasi Ujerumani pamoja na mbwa wake inapaswa kuwa imeshaanza maandalizi mwanzoni mwa Agosti. Tiketi inaweza kukatwa hata Novemba, lakini damu ya mbwa ina kalenda yake. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazilegezea masharti ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo mnyama anayetoka huku hupitia njia ndefu. Anawekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha anachanjwa. Zinapita siku zisizopungua 30, anatolewa damu, na damu hiyo inapimwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo. Kingamwili zikifikia uniti 0.5 kwa kila mililita, mnyama bado anasubiri miezi 3 kuanzia siku aliyotolewa damu. Hapo imeshapita miezi 4, na suala la ndege halijaguswa.

Wengi huuona mlolongo huu kama usumbufu wa maofisa tu. Ukivijua virusi vyenyewe, utaona kila siku iliyowekwa ina kazi yake.

Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwa mate kupitia jeraha. Badala ya kusambaa kwa damu, hujipenyeza kwenye mishipa ya fahamu na kupanda taratibu hadi kwenye uti wa mgongo, kisha ubongo. Safari hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi kadhaa. Muda wote huo mbwa anakula, anacheza na watoto, anakupokea getini kwa mkia, wala hakuna kipimo cha kawaida cha kumgundua. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa.

Sasa masharti yanaeleweka. Kipimo cha damu kinajibu swali moja: je, chanjo ilishika? Maana wapo mbwa wanaodungwa sindano na miili yao isijenge kinga ya kutosha. Miezi 3 inajibu swali jingine ambalo damu haiwezi kulijibu: je, mbwa huyu aling'atwa na mbwa mgonjwa kabla ya kuchanjwa? Kama virusi vilishaingia kwenye mishipa ya fahamu, kingamwili zinaweza kuonekana safi kabisa maabara huku ugonjwa ukipanda. Kinachoweza kuufichua ni muda tu.

Hofu hii haikutungwa. Uingereza ilikuwa imeufuta ugonjwa huu mwaka 1902. Ukarudi mwaka 1918, mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, kupitia mbwa walioingizwa kwa siri kutoka Ulaya bara, na haukuondoka tena hadi 1922. Karibu na kwetu kuna Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa ziliumaliza ugonjwa kisiwani humo kufikia 2014. Mwaka 2016 ukazuka upya. Watafiti walifuatilia nani aling'atwa na mbwa gani, wakachambua pia vinasaba vya virusi, na wakabaini kwamba vilikuwa vimeingia kutoka nje zaidi ya mara moja, kwa uwezekano mkubwa kupitia mbwa waliovushwa bahari na watu. Ilihitajika kazi ya miaka kuusafisha tena. Nikiifikiria Pemba, siwezi kuyalalamikia masharti ya Ulaya.

Ndugu zetu wanaoishi Ulaya wana mtego wao, na ningependa kila mmoja wao aujue kabla ya Desemba. Mbwa anayekaa Berlin akiletwa Mombasa kwa likizo, anaporudi atahesabiwa kuwa ametoka Kenya. Kama kile kipimo cha damu kilifanywa kabla hajatoka Ulaya na majibu yakaandikwa kwenye pasipoti yake, anarudi bila kungoja miezi 3. Kama kilisahaulika, wenyewe watapanda ndege na mbwa atabaki kwa bibi. Uingereza nayo haipokei mbwa au paka kwa ndege isipokuwa kama shehena, ukiacha mbwa wanaoongoza watu wenye ulemavu. Marekani, tangu Agosti 1, 2024, inataka kila mbwa awe na umri wa miezi 6 au zaidi na awe na chipu. Wale wanaotoka nchi zenye hatari kubwa, zetu zikiwemo, na waliochanjwa nje ya Marekani, hukaa karantini siku 28 kama hawana majibu ya kipimo cha damu yanayokubalika.

Tuseme karatasi zimekamilika. Upande wa pili wa hesabu ni mwili wa mnyama mwenyewe, na hapa ndipo wapenzi wa wanyama hukosea kwa nia njema.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema: hewa hupita juu ya utando mbichi wa pua na ulimi, unyevu unageuka mvuke, na joto linaondoka nao. Pua ndefu ina nafasi kubwa ya kazi hiyo. Mbwa wenye nyuso bapa, kama pug na bulldog, wamefupishwa mifupa ya uso, lakini nyama laini za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho, kwa hiyo njia ya hewa imebanwa. Kati ya Mei 2005 na mwaka 2010, mashirika ya ndege ya Marekani yaliripoti vifo vya mbwa 122, na takriban nusu walikuwa wa nyuso fupi. Mashirika mengi sasa hayawapokei kabisa kwenye sehemu ya mizigo. Angani, chumba cha wanyama huwa na hewa na joto lililodhibitiwa. Hatari kubwa iko chini, kizimba kinapongoja kwenye lami ya uwanja wa Dar es Salaam saa 8 mchana mwezi Desemba.

Vipi kumpa dawa ya usingizi? Usimpe. Dawa ya kutuliza inayotumika sana, acepromazine, hushusha shinikizo la damu, na ndani ya ndege hewa ni nyepesi kama ya mlimani. Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2002 uliwasafirisha mbwa wa aina ya beagle kwa gari na ndege: dawa hiyo haikuwapunguzia msongo, na mioyo yao ilienda mbio zaidi wakati wa kupakiwa na kupakuliwa.

Paka ana shida tofauti. Mapenzi yake yamefungwa kwenye mahali: harufu za kona, kiti, dirisha. Ukimhamishia hotelini anaweza kujificha na kususa chakula, na paka, hasa mnene, akikaa siku kadhaa bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na kuhatarisha maisha yake. Kuhusu kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jibu ni fupi: tangu uamuzi wa mkutano wa Johannesburg wa 2016 yuko kwenye kundi lenye ulinzi mkali kuliko yote chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori na mimea, na bila vibali anaweza kutaifishwa mpakani.

Kwa likizo ya wiki 2 au 3, basi, msimamo wangu ni kwamba mnyama abaki. Katika safari hiyo furaha ni ya kwetu, na yeye anabeba hofu, joto na masaa ya gizani. Paka abaki nyumbani kwake, mtu aje kumhudumia. Mbwa anaweza kwenda kwa mtu aliyemzoea, na aende na shuka mlilolalia ambalo halijafuliwa: watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliowapima mbwa ubongo wakiwa macho, walionyesha kwamba sehemu inayohusika na matarajio ya mambo mema huamka zaidi kwa harufu ya mtu wanayemfahamu kuliko harufu nyingine walizopewa. Mwachie mlezi kadi ya chanjo, ratiba ya chakula, na namba ya daktari wa mifugo.

Anayehama kwa mwaka mmoja au zaidi ana hesabu nyingine, kwa sababu kuachwa nako huumiza. Huyo anunue kizimba leo, chenye nafasi ya mnyama kusimama, kugeuka na kujilaza, akiweke sebuleni mlango wazi, na chakula cha jioni kiwe kinaliwa humo ndani hadi siku ya safari.