Namba isiyogawanyika na kosa la Padri Mersenne

Katekista wa Buleusa anaweza kuanza somo hili kwa maharagi tu. Ampe mtoto maharagi 12, ayapange kwa mistari iliyo sawa. Atapata mistari 2 ya 6, ao 3 ya 4. Kisha amwongezee moja. Sasa mtoto anapanga na kupangua, lakini kila mara mstari mmoja haulingani na mingine. Ndiyo kusema: 12 inagawanyika, lakini 13 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa 13 yenyewe. Namba ya namna hii inaitwa namba tasa.

Kwa namba ndogo, maharagi yanatosha. Je, kwa namba kubwa sana tutajuaje?

Marin Mersenne (1588–1648), padri Mfaransa wa shirika la Waminimu, alichunguza namba zinazopatikana hivi: zidisha 2 kwa 2 mara nyingi, kisha utoe 1. Mbili tatu, 2 × 2 × 2, ni 8. Toa 1, inabaki 7, nayo ni tasa. Mbili tano zinatupa 31, mbili saba 127: tasa vile vile. Lakini tujihadhari! Mbili kumi na moja zinatupa 2.047, nayo ni 23 × 89.

Mwaka 1644 Padri Mersenne alitoa orodha ya zile alizosema kuwa ni tasa. Kati yake ilikuwamo ile ya mbili sitini na saba:

147.573.952.589.676.412.927

Lakini hakuonyesha hakika yake, na miaka zaidi ya 200 ikapita. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa, alihakikisha kwamba namba hiyo inagawanyika. Kanuni yake ilijibu ndiyo ao hapana tu, pasipo kuonyesha sehemu zenyewe. Mwaka 1903, katika mkutano wa wenye elimu ya hesabu huko Marekani, Frank Nelson Cole alizionyesha. Husimuliwa kwamba alikwenda ubaoni pasipo kusema neno, akazidisha:

193.707.721 × 761.838.257.287

Jibu likawa namba ile ile.

Tusimcheke Padri Mersenne. Namba za namna hii zinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 2024 ilipatikana moja iliyo tasa yenye tarakimu 41.024.320, kubwa kupita zote zilizojulikana mpaka hapo. Lakini ilipimwa kwanza, kisha ikatangazwa.

Nasi wa Kivu tushike kipimo hicho. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, Mbelgiji, alivumbua huko Ishango, kando ya ziwa Edward, mfupa wa zamani sana uliochorwa alama. Katika mstari mmoja alama zimepangwa 11, 13, 17 na 19: namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wengine husema: basi wazee wale walizijua! Pengine. Lakini alama peke yake hazitoshi kuhakikisha neno hilo.

Basi, mwalimu, mwanafunzi akikuuliza kama 91 ni tasa, usimjibu kwa cheo chako. Mpe maharagi 91, apange mwenyewe. Akivumilia, atapata mistari 7 ya 13.