Tairi la bei rahisi humaliza faida ya ndizi njiani

SAFARI ya mkungu wa ndizi kutoka Nshamba hadi Bukoba mjini huanzia kwenye barabara ya vumbi na kuishia kwenye lami. Katika safari hiyo kuna kitu kimoja ambacho wafanyabiashara wengi hukikumbuka pale tu kinapopasuka, nacho ni tairi.

Pikapu ikilala njiani, hasara haiishii kwenye bei ya tairi. Ndizi huiva na kuchubuka, na aliyewahi sokoni ndiye anayepata wateja wa asubuhi. Kahawa ya maganda ikinyeshewa huota ukungu na kushuka daraja kabla haijafika kwenye chama cha msingi.

Suala hili limekuwa zito zaidi kwa wenye magari ya magurudumu makubwa. Pikapu na magari mengi ya kupanda milima yanayoingia nchini siku hizi huja na rimu za inchi 17 au 18, wakati yale ya zamani yalikuwa na inchi 15 au 16. Kwa kawaida rimu ikiwa kubwa, tairi lake nalo huwa ghali, na hapo ndipo mnunuzi hushawishika kuchukua lolote linaloingia kwenye rimu.

Kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na tangu wakati huo soko limetegemea zaidi matairi kutoka nje, mazuri kwa mabaya. Kinga ya kwanza ya mnunuzi ni kujua kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi.

Namba zina maana gani?

Tuchukue tairi lililoandikwa 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 65 ina maana kwamba kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama milimita 172. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Inayofuata, 112, ndiyo muhimu kuliko zote kwa mbeba mizigo, lakini wengi hawaitazami. Maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba hadi kilo 1,120. Tairi lenye namba 100 hubeba kilo 800 tu. Kwa kuwa mzigo wa ndizi huelemea nyuma, matairi mawili ya namba 100 yataishia kilo 1,600, na uzito wa gari lenyewe umo humo. Herufi S inahusu mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa.

Kanuni ni kwamba namba ya uzito isishuke chini ya ile iliyoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Maelekezo hayo hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au huandikwa kwenye kitabu cha gari.

Ukubwa una mipaka

Wapo wanaoweka matairi makubwa zaidi ili gari liinuke na kupita kwenye matope. Mwenye 265/65R17 akiweka 285/70R17, kipenyo cha gurudumu huongezeka kwa karibu asilimia 7. Mshale wa mwendo ukionyesha 80, gari linakwenda karibu 86. Injini hulemewa zaidi kwenye vilima, breki hufanya kazi kubwa zaidi, na tairi linaweza kusugua bodi usukani unapokatwa.

Kosa la pili ni kuongeza rimu huku kimo cha gurudumu kikibaki palepale. Rimu ikipanda, ukuta wa tairi hupungua, na ukuta ndio unaopokea kishindo cha mashimo na mawe. Kwa barabara za vijijini Muleba, ukuta mnene ni akiba. Kwa mfano, tairi la 265/70R16 lina kimo karibu sawa kabisa na la 265/65R17, lakini ukuta wake una milimita 185 badala ya 172. Kama fundi atathibitisha kwamba rimu ya 16 haigusi breki, kurudi kwenye rimu ndogo ni uamuzi wa busara.

Aidha, mwambao wa ziwa kuzunguka Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo mwekundu huteleza sana unapolowa. Tairi lenye alama A/T, lililotengenezwa kwa lami na vumbi, linawafaa wengi. Lile la M/T lina kashata kubwa za kukanyagia matope, lakini huisha haraka kwa anayeshinda kwenye lami kati ya Muleba na Bukoba.

Chunguza umri

Tazama pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mpira huzeeka hata tairi likikaa stoo, na tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri huku ukuta umepasuka nyufa ndogo. Pitisha mkono ndani kutafuta viraka, na kataa lililochongwa upya kwa kisu.

Piga hesabu kwa kilomita

Tuseme tairi la mtumba linauzwa Sh200,000 na kudumu kilomita 20,000, na jipya Sh450,000 na kudumu kilomita 50,000. La kwanza linagharimu Sh10 kwa kilomita, la pili Sh9. Kwa matairi manne katika kilomita 50,000, mtumba utakula Sh2,000,000 na mapya Sh1,800,000. Hapo pancha na mizigo iliyooza njiani haijahesabiwa.

Bei hizo ni za mfano tu. Mfanyabiashara aweke bei za duka lake, na aandike kwenye daftari kilomita zilizosomeka siku tairi lilipofungwa.

Hata hivyo, tairi bora halivumilii uzembe. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoelekezwa kwa gari lenye mzigo. Upepo pungufu hupasha tairi moto na kulipasua. Tairi likiliwa upande mmoja, magurudumu yanyooshwe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mbeba ndizi ukuta huo ni lumbesa nzima inayoivia kando ya barabara.