Umeitoa wapi?

Malalamiko juu ya vijana wa vyuo yamekuwa wimbo: hawasomi, hawajui kuandika, wanachojua ni simu tu. Yana ukweli ndani yake. Lakini leo nataka tuitazame hiyo simu yenyewe, kwani nadhani sehemu ya dawa imo humo humo.

Tuseme katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hapa Dar es Salaam, mmoja anatuma tangazo kwamba mikopo imeongezwa. Mara mwenzake anauliza: "Umeitoa wapi?" Wa tatu anafungua tovuti ya Bodi ya Mikopo kuhakikisha. Wa nne anaona alama ya ujumbe uliosambazwa, ambayo tangu 2018 humjulisha msomaji kwamba aliyetuma hakuandika mwenyewe. Wa tano anawafupishia waliochelewa: "Jamani, ni uvumi. Tangazo lenyewe la mwaka juzi."

Hapo vijana wamedai chanzo, wamelinganisha habari, wametazama tarehe na wametoa muhtasari. Ndiyo mambo ambayo mhadhiri anayatafuta katika insha.

Tena si ujuzi wa kudharau. Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa utafiti uliowalinganisha wanahistoria 10, wanafunzi 25 na wakaguzi wa ukweli wa habari 10 katika kupima kurasa za intaneti. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakavutwa na nembo na sura yake. Wakaguzi walitoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kumjua msemaji ni nani. Wao ndio waliopata majibu sahihi zaidi, na kwa muda mfupi. Nasi katika chumba cha habari, kabla taarifa haijasomwa hewani, tunampigia simu mtu wa pili.

Basi kwa nini kijana huyo huyo ananakili aya nzima katika insha bila kumtaja mwandishi, hata akaingia katika kesi ya wizi wa kitaaluma? Mara nyingi marejeo amefundishwa kama kanuni za mabano na nukta. Hajaambiwa kwamba ni jibu la swali lake mwenyewe: umeitoa wapi?

Iko tofauti moja kubwa. Kundini wote wanajua kilichotangulia, kwa hiyo maneno mawili yanatosha. Msomaji wa insha hakuwepo. Ni lazima apewe hoja, aonyeshwe ushahidi, aongozwe aya kwa aya. Hilo simu haifundishi. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Ningewashauri wahadhiri waanze na ujumbe mmoja uliosambazwa. Wanafunzi waandike aya: unadai nini, nani kasema, ushahidi uko wapi, wengine wanasemaje? Wiki inayofuata wapewe makala ya kitaaluma na maswali yale yale manne.

Nanyi wanafunzi, ChatGPT, iliyotoka mwishoni mwa 2022, ikiwatajia kitabu, kitafuteni kwanza. Programu hiyo wakati mwingine hutaja vitabu ambavyo havijapata kuandikwa. Aliyekataa uvumi wa mkopo kundini asiupokee uvumi katika insha yenye jina lake.