Kubadili Vizio vya Urefu Vikubwa Mno na Vidogo Mno

Kila kizio cha urefu katika mfumo wa metriki ni mita iliyozidishwa au kugawanywa kwa kumi mara kadhaa. Kilomita ni mita 10³, megamita 10⁶, gigamita 10⁹. Upande wa pili, milimita ni mita 10⁻³, mikromita 10⁻⁶, nanomita 10⁻⁹. Namba hizo ndogo za juu, yaani vipeo, ndizo zinazobeba kazi yote ya kubadili vizio.

Kipeo cha kizio kinachotafutwa hutolewa kwenye kipeo cha kizio kilichopo, na jibu huwa kipeo cha kumi cha kuzidishia. Mwezi, kwa wastani, uko megamita 384.4 kutoka duniani. Kuzigeuza ziwe mikromita, 6 − (−6) = 12, hivyo umbali huo ni mikromita 384.4 × 10¹². Wengi huteleza hapo kwenye alama ya hasi na kupata 0 badala ya 12.

Uzuri wa njia hii huonekana pale kidogo na kikubwa vinapokutana. Chembe nyekundu ya damu ina kipenyo cha mikromita 8 hivi, na mtu mzima ana chembe hizo takriban trilioni 25. Zikipangwa katika mstari mmoja zikigusana, urefu wake ni 25 × 10¹² × 8, yaani mikromita 2 × 10¹⁴. Kwenda kwenye kilomita, −6 − 3 = −9; zinabaki kilomita 2 × 10⁵, sawa na 200,000. Damu ya mtu mmoja inavuka nusu ya njia ya kwenda Mwezini! Jibu pia linajihakiki: kizio kimekuwa kikubwa, kwa hiyo idadi lazima ipungue.

Sentimita, yenye kipeo −2, haifuati hatua za tatu tatu, nayo huwapotosha waliozoea kuruka sufuri tatu. Herufi nazo zina uzito: mm ni milimita, Mm ni megamita, na tofauti yake ni mara bilioni moja.

Katika eneo, tofauti ya vipeo huzidishwa kwa 2, na katika ujazo kwa 3. Kilomita moja ya mraba ni mita za mraba 10⁶, si 10³.