Jina la Metali na Maisha ya Taa: Taa za Shaba katika Ibada ya Kihindu na Utunzaji Wake

Utangulizi

Taa ya shaba ni chombo kinachopatikana katika nyumba na mahekalu mengi ya Wahindu. Huwashwa alfajiri na jioni, hubebwa katika sherehe, na aghalabu hurithiwa kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Chombo hiki si kigeni kwetu. Wakenya wenye asili ya Kiasia, waliotambuliwa rasmi mwaka 2017 kuwa jamii ya 44 nchini, wamo Wahindu wengi ambao bado wanaiwasha kila siku.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna taa hizi zinavyoundwa, nafasi yake katika ibada na jinsi zinavyopaswa kutunzwa. Hoja yetu kuu ni kwamba taa nyingi haziharibiwi na uzee bali na mikono ya wale wanaozisafisha kwa nia njema bila ya kujua zimeundwa kwa metali gani. Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza, kwa kuwa Kiswahili huzifunika metali kadhaa kwa neno moja: shaba.

Shaba Ipi?

Hebu tuangalie matumizi ya neno hili. Jimbo la Katanga, nchini Kongo, liliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 kwa sababu ya metali nyekundu inayochimbwa humo. Mwanariadha anayechukua nafasi ya tatu katika Olimpiki hutunukiwa medali ya shaba, ilhali hiyo ni metali nyingine, iliyochanganywa. Nayo siwa mashuhuri ya Lamu huitwa ya shaba pasipo msemaji kubainisha ni mchanganyiko upi. Katika mazungumzo ya kawaida, ukosefu huu wa mipaka haumdhuru mtu. Katika kutunza taa, hudhuru.

Kwa ajili ya makala haya, tutatofautisha aina tatu. Shaba nyekundu ni metali halisi isiyochanganywa. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Baadhi ya wanakamusi huiita shaba nyeupe, jina linaloweza kumkanganya msomaji kwa kuwa rangi yake hukaribia dhahabu. Shaba ya kengele ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na stani, takriban sehemu 78 kwa 22. Wahindi wenyewe wana majina mahususi: kwa Kihindi, shaba ya manjano ni pital na ile ya kengele ni kansa.

Kuipata shaba ya manjano hakukuwa rahisi hapo kale. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za selsiasi, ilhali zinki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi 907. Fundi aliyejaribu kuipata zinki kwa kuchoma mawe yake katika tanuri la kawaida aliiona ikipotea hewani. Huko Zawar, katika jimbo la Rajasthan, mafundi walilitatua tatizo hili zaidi ya miaka 600 iliyopita kwa kutumia vyungu vya udongo vilivyouelekeza mvuke chini, ukapoa na kuwa metali.

Uundaji: Mfano wa Nachiarkoil

Miongoni mwa vituo vinavyosifika kwa taa za shaba ya manjano ni mji mdogo wa Nachiarkoil, karibu na Kumbakonam katika jimbo la Tamil Nadu. Taa yake ya kusimama, iitwayo kuthuvilakku kwa Kitamil, ilipewa hakimiliki ya jina la mahali mwaka 2010.

Taa hii husubiwa vipande vipande. Fundi huukandamiza mfano wa kila kipande katika mchanga laini wa mto Kaveri, akauondoa ili ubaki uwazi wenye umbo lile lile. Metali iliyoyeyushwa humiminwa ndani ya kalibu hiyo. Ikishapoa, kipande hutolewa, hupigwa tupa, hukerezwa na kung'arishwa. Hatimaye vipande vinne huunganishwa kwa hesi: kitako, shina, kisahani cha mafuta chenye midomo ya tambi, ambayo aghalabu huwa mitano, na kilele. Juu ya kilele husimama hamsa, ndege afananaye na bata bukini, ambaye katika masimulizi ya Kihindi anasifiwa kwa uwezo wa kuyatenga maziwa na maji yaliyochanganyika.

Si taa zote zilizo hivi. Katika jimbo la Kerala, taa ya nilavilakku mara nyingi husubiwa kwa shaba ya kengele, na mji wa Mannar unajulikana kwa kazi hiyo. Kwa hivyo taa mbili zinazofanana kwa umbo na kazi zaweza kuwa tofauti kabisa kwa maumbile.

Nafasi ya Taa katika Ibada

Katika fikra za Kihindu, mwanga wa taa huwakilisha elimu inayoondoa giza la ujinga. Aidha, moto wenyewe una heshima yake. Katika Veda, Agni ni mungu wa moto na mpokezi wa sadaka. Kwa sababu hiyo, waumini wengi hawauzimi mwali kwa kuupuliza kwa kinywa. Huuzima kwa ua, au kwa kuuvuta utambi ukazama katika mafuta.

Taa huzungushwa mbele ya sanamu katika ibada ya aarti, na hupangwa kwa safu wakati wa Divali, mwezi Oktoba au Novemba. Katika Tamil Nadu kuna ibada ambapo wanawake huketi kwa safu, kila mmoja mbele ya taa yake, wakaiabudu taa yenyewe kuwa makao ya mungu wa kike. Yamkini mtu anayeiona taa hivyo hataichukulia kazi ya kuisafisha kuwa ya jikoni tu. Kuisugua ni sehemu ya ibada, na taa yenye masizi huhesabiwa kuwa dalili ya uzembe.

Maadui wa Taa

Adui wa kwanza ni mafuta yenyewe. Samli, mafuta ya ufuta au ya nazi yakiachwa katika kisahani hushikwa na joto na hewa, yakawa utando wa kunata kama gundi. Utando huo hunasa vumbi na masizi, na unyevu ukijificha chini yake kutu ya kijani huanza.

Adui wa pili ni chumvi. Hewa ya pwani, kama ile ya Mombasa au Chennai, huharakisha kutu hiyo. Wapo pia wanaosugua taa kwa limau na chumvi. Mng'ao hupatikana papo hapo, lakini chembe za chumvi zikibaki katika nakshi huendelea kuila metali.

Adui wa tatu ni asidi iliyoachwa kwa muda mrefu. Ukwaju umetumika tangu jadi, na hauna lawama. Ufundi wa Wathathera wa Jandiala Guru, Punjab, wafuao vyombo vya shaba, uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika, na miongoni mwa vifaa vyao vya kung'arishia ni mchanga na maji ya ukwaju. Asidi ya ukwaju huyeyusha tabaka jeusi la juu. Hata hivyo, shaba ya manjano ikilowekwa usiku kucha, zinki huanza kuyeyuka na kuacha mabaka mekundu yaliyo dhaifu. Mwenye taa huyadhani kuwa uchafu, akazidi kuloweka.

Adui wa nne ni amonia, iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia. Katika karne ya 19, jeshi la Waingereza nchini India lilishangaa kuona maganda ya risasi ya shaba ya manjano yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua. Baadaye, mnamo mwaka 1921, wanasayansi walibainisha kuwa amonia ndiyo iliyochangia, nayo ilitoka katika mkojo wa farasi mazizini.

Namna ya Kuitunza

Kwanza, itambue metali. Isogezee sumaku: ikinasa, hiyo ni taa ya chuma iliyopakwa shaba, na kuisugua kwa nguvu kutaufikia ule utando na kuufichua uchuma. Isiponasa, tazama rangi, kisha igonge taratibu kwa ukucha. Shaba ya kengele huwa na wekundu hafifu au ujivujivu, na mlio wake hudumu. Hiyo hupasuka ikianguka; ya manjano hubonyea tu.

Pili, taa ikishapoa, ipanguse mafuta siku hiyo hiyo kwa kitambaa cha pamba. Kazi hii ya dakika mbili hupunguza sana haja ya kusugua.

Tatu, kila baada ya majuma kadhaa, fungua hesi na uoshe kila kipande kwa maji ya moto na sabuni isiyo kali. Mswaki laini utafika katika nakshi. Usitumie waya wa kusugulia sufuria wala msasa, kwani mikwaruzo yake haiondoki.

Nne, ikiwa weusi umesalia, paka maji mazito ya ukwaju, sugua kwa vidole dakika chache, kisha suuza kwa maji mengi. Ikaushe mara moja, hasa ndani ya hesi, kabla ya kuiunganisha.

Tano, taa kongwe ya kumbukumbu isiyowashwa tena haifai kung'arishwa kila mara. Kila msuguo huondoa metali kidogo, na nyuso za miungu katika nakshi hufutika. Utando wa hudhurungi ulio imara huikinga metali; kinachopaswa kuondolewa ni unga wa kijani pekee.

Hitimisho

Tumeona kwamba taa inayowashwa na taa inayohifadhiwa zina mahitaji tofauti, na kwamba dawa ya metali moja yaweza kuwa sumu ya nyingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini fundi wa ufa sharti aujue ukuta ni wa udongo au wa mawe. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, funzo ni kwamba istilahi si pambo la wasomi. Ipo haja ya kwenda kwa wahunzi, wauza vyombo na wenye taa, tukakusanya majina wanayoyatumia, kisha tukubaliane kuhusu jina moja la shaba ya manjano. Mzazi anapomkabidhi bintiye taa ya bibi yake, aweze kumwambia kwa Kiswahili ni ya metali gani na asiisugue kwa nini.