WINDOWS 10 IMEFIKA MWISHO: JE, KOMPYUTA ZETU TUZIBADILISHE?



Habari hii ilianzia bombani. Siku chache kabla ya Oktoba 2025, watu kwenye foleni ya maji walikuwa wanaambiana kwamba kompyuta zote za kituo zitazimwa kwa siku moja, zizimwe huko huko Marekani, na kila kilichomo ndani kipotee. Mzee mmoja alikuja mbio, flashi mkononi: "Walimu, nitoleeni vyeti vya wanangu kabla hazijafa!" Tulicheka kidogo. Baadaye hatukucheka tena, na mtaona kwa nini.

Ukweli ni upi?

Kila kompyuta iko na programu kubwa inayosimamia zingine zote. Hiyo ndiyo tunaita mfumo endeshi. Bila huo mfumo, kompyuta ni sanduku tu. Kompyuta zetu 14 zilikuwa zinatumia Windows 10 ya kampuni ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitengenezea masasisho ya bure, yaani zile apdeti mnazoziona zikijipakia wakati wa kuzima.

Siku hiyo ilifika, tukawasha kompyuta asubuhi, zikawaka kama kawaida. Hakuna iliyokufa. Basi wengine wakasema, "Si mnaona? Ni maneno tu."

Hapana, ndugu zetu. Fikiria nyumba ya matope yenye turubai juu. Fundi akiacha kuja, nyumba haianguki siku hiyo hiyo. Lakini tundu likitokea hamna wa kuziba, na mvua inajua njia. Mwezi Mei 2017 kirusi kimoja kilichoitwa WannaCry kiliingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150. Kilifunga mafaili ya watu na kudai pesa. Hata hospitali za Uingereza zilikwama. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeshaitoa tangu Machi mwaka huo huo, ila waliopatwa wengi walikuwa hawajaiweka. Sasa kwa mfumo usiopata apdeti, dawa yenyewe haiji kabisa.

Na hapa kwetu virusi haviji kwa intaneti tu. Vinakuja kwa flashi zenu. Flashi moja inatoka kwa mpiga picha, inapita kwa rafiki, inaingia kwenye kompyuta ya kituo, jioni iko kwa jirani.

Njia zilikuwa nne

Tulikaa walimu wote watano, tukaita na wawakilishi wawili wa wanafunzi. Tukaandika ubaoni njia nne.

Ya kwanza, kubaki hivi hivi. Haina gharama leo, lakini mmeshasikia habari ya turubai.

Ya pili, kuomba mwaka mmoja wa ziada. Microsoft ilitoa mpango wa kuongeza masasisho ya usalama kwa kompyuta za watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft hupata bila kulipa, na asiyetaka hulipa dola 30. Kwa mtu mwenye kompyuta yake nyumbani ni msaada. Ila kituo si mtu binafsi, na pia mwaka unaisha upesi.

Ya tatu, kupanda kwenda Windows 11. Hapa ndipo tulipogonga ukuta. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai memori ya GB 4, nafasi ya GB 64, prosesa za miaka ya karibuni, na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inataka kuanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Kompyuta zetu ni za msaada, nyingi zilitengenezwa kati ya 2012 na 2016. Tulizipima zote 14 na programu ya Microsoft yenyewe. Zilizofaulu ni 2 tu. Vijana fulani walituambia, "Walimu, iko njia ya kulazimisha." Ni kweli iko. Lakini kampuni haiahidi kuipa masasisho kompyuta iliyolazimishwa, kwa hiyo unaweza kutoka shimo moja ukaingia lingine.

Ya nne, kuhamia Linux.

Linux ni nini?

Ni mfumo endeshi mwingine, wa bure, ulioanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Watu wengi duniani wanaujenga pamoja, na yeyote anaruhusiwa kuunakili na kumpa mwenzake. Unakuja kwa majina mengi. Moja ni Ubuntu, lililoanza mwaka 2004 kwa kazi ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ndugu zetu Warundi hawahitaji kufasiriwa. Ubuntu ni utu, na "ku buntu" ni bure. Waswahili nao si wageni huko: mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Sisi tulichagua Linux Mint, maana sura yake inafanana na Windows na toleo lake jepesi linaenda na memori ya GB 2. Toleo la 22 litapata masasisho hadi 2029. Tulilipakua mara moja tu, kama GB 3 hivi, tukaliweka kwenye flashi, flashi hiyo hiyo ikazunguka kompyuta zote. Kwa bando zetu na saa zetu chache za umeme wa jua, hilo si jambo dogo.

Lakini haikupita kirahisi. Binti mmoja wa darasa la jioni alisimama akasema: "Walimu, tangazo la kazi linasema Microsoft Word. Nikifika kwenye usaili, nitawaambia mimi najua Mint?" Chumba kizima kikakaa kimya. Tunasema wazi, alikuwa na haki. Programu ya LibreOffice iliyo ndani ya Linux inafungua mafaili ya Word na kuyahifadhi, ila mara nyingine majedwali yanahama kidogo, na vitufe haviko mahali pale pale. Mtu aliyesoma kwa kukariri vitufe atapotea. Aliyefundishwa maana ya aya, jedwali na ukingo wa ukurasa, huyo atajikuta popote. Kumbe hata sisi walimu tulikuwa tumefundisha vitufe.

Kosa letu

Sasa tufike pale pagumu. Tulianza na kompyuta moja ya majaribio. Tulinakili folda ya nyaraka, tukahakikisha, tukafuta Windows, tukaweka Mint. Siku ya pili akaja mama mmoja, mwanafunzi wetu wa siku nyingi, kuendelea na kazi yake. Alikuwa anaandika historia ya familia yake tangu Kivu Kusini, majina ya mababu, mashamba, nani alizikwa wapi, ili watoto waliozaliwa hapa kambini wajue. Miezi saba ya kuchapa kwa vidole viwili.

Yeye hakuwa anahifadhi kwenye folda ya nyaraka. Alikuwa anaweka pale pale juu ya uso wa kompyuta, mbele ya macho, asisahau. Sisi hatukuangalia pale. Tulijaribu kila programu ya kurudisha mafaili tuliyoweza kupata, ikashindikana.

Tulimwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Wanangu, maandishi ya kwanza yaliungua nyumbani. Haya ya pili mmenifutia nyinyi."

Hatuna jibu la neno hilo hadi leo. Tulimwomba msamaha mbele ya darasa. Zilibaki kurasa mbili alizokuwa amezichapisha kwenye karatasi. Sasa ameanza tena, yeye anasimulia na binti yake anachapa, na kila Ijumaa anaondoka na nakala yake kwenye flashi aliyoifunga kwa uzi shingoni.

Tulichoamua

Tulisimamisha kazi yote wiki tatu. Kila mwenye faili aliitwa, akakaa pamoja na mwalimu, akaonyesha mwenyewe vitu vyake viko wapi. Ndipo tukaendelea. Leo kompyuta 2 ziko na Windows 11, na kila mwanafunzi wa Word anazipata kwa zamu kabla ya kumaliza kozi. Moja imebaki na Windows 10 bila intaneti, kwa ajili ya skana ya zamani, na flashi haiingii humo bila kupimwa. Nyingine 11 ziko na Linux Mint.

Kwa familia yenye kompyuta nyumbani, tunashauri hivi:

1. Usibadilishe kitu kabla ya kutoa nakala mbili za mafaili yako, uziweke sehemu mbili tofauti. Kagua folda ya nyaraka, picha, vilivyopakuliwa, na uso wa kompyuta. Fungua nakala uone kama zinasoma.

2. Pima kwanza kama mashine inakubali Windows 11. Ikikubali, kupanda ni bure kwa mwenye Windows 10 halali.

3. Isipokubali, ijaribu Linux kutoka kwenye flashi bila kuifuta Windows. Ukiona sauti na WiFi vinafanya kazi, ndipo uamue.

4. Usianze kazi hiyo jua likielekea kuzama au betri ikiwa chini. Umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na sanduku.

5. Usimlipe mtu anayekuambia kompyuta yako itakufa kesho.

Na familia mnaojiandaa kurudi Burundi, tafadhali pitieni kituoni kabla ya safari. Vyeti vya watoto vilivyoskaniwa hapa ni vyenu, tutawanakilia bila malipo. Njooni mapema, msingoje siku ya gari.

Swali lolote liandikeni, mlitie kwenye sanduku la maoni mlangoni pa kituo. Tutajibu toleo lijalo, Mungu akipenda.